Goti Lililonyooka Kupita Kiasi

Siku mliyoniaga mlinikalisha kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, mkanilisha keki, halafu nyie wenyewe mkaanza kubishana kuhusu goti. Mmoja alisema kile kifaa kipya cha kupima mkazo ndicho kinachosawazisha kano za goti la bandia, mwingine akasema hakuna kifaa kinachoshinda mkono wa daktari. Mimi nilikuwa bado natafuna. Nikauliza tu, huyo mgonjwa wenu analitaka goti kwa kazi gani? Mkacheka, mkasema Mama Leokadia ameanza. Sasa nimestaafu, nina muda, na hakuna wa kunikatiza. Ngoja nianze kweli.

Vyeo sitavitaja, maana havikunifundisha kitu. Nitawaeleza nilikojifunza hilo swali, na ni mbali na vyumba vyenu vya kiyoyozi.

Nilishuka stesheni ya Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na cheti cha fizio, sanduku la bati na godoro lililokunjwa. Treni ya kutoka Kaliua ilikuwa imetutikisa mpaka nikaijua mifupa yangu yote bila kufungua kitabu. Wakati huo Mpanda ilikuwa wilaya tu, chini ya Rukwa, na safari ya kwenda mkoani Sumbawanga watu walikuwa wanaagana kwanza. Hospitali ya kule haikuwahi kuwa na mtu wa fizio. Mganga mkuu alinipokea vizuri, akanizungusha wodi zote, mwisho akafungua chumba kilichojaa vitanda vibovu.

"Hiki ndicho chako," akasema.

"Na vitanda?"

"Navyo vyako."

Vile vitanda vilinisaidia kuliko alivyodhani. Vyuma vyake nilivifunga ukutani vikawa vishikio vya wagonjwa wanaojifunza kutembea, na chaga nikazigeuza kuwa mbao za kunyooshea miguu. Watu wakasikia kuna dokta wa mazoezi. Wakaja wenye migongo, wenye viuno, wenye shingo zilizogoma kugeuka. Mama mmoja alinileta mwanawe aliyekuwa anashika mkia darasani, kwa sababu alikuwa ameambiwa mimi nafanyisha mazoezi. Nilimweleza kosa, akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniomba nijaribu tu.

Plasta hamtaniamini. Nyie mnafungua pakiti, mnachovya, mnafunga. Sisi tulitandika bendeji za kawaida mezani, tukazisugua unga wa jasi kwa kiganja mpaka nyuzi zikajaa, tukaziviringisha na kuzifungia kwenye makopo ya mafuta ya kupikia yasipate hewa. Unga ukishaonja unyevu haushiki tena. Kila asubuhi nilikoroga kijiko kimoja kwenye kifuniko cha kopo na kusubiri. Ukigoma kukauka, siku hiyo hakuna mtu anafungwa plasta, hata aje nani. Wakati wa masika nilikuwa naangalia mawingu kuliko mkulima.

Goti la kwanza kuninyima raha lilikuwa la mzee mmoja wa Mishamo, mmoja wa wale waliotoka Burundi wakafungua yale mashamba ya mahindi na maharage. Alivunjika paja, mfupa ukaunga vizuri, ila goti likakataa kukunja. Mimi nilikuwa najisifu jinsi mguu ulivyonyooka, namwonyesha mpaka mganga mkuu. Mzee akaniangalia kwa huruma.

"Dada," akasema, "mguu ulionyooka hauzungushi pedeli."

Mazao yake yote yalikwenda sokoni kwa baiskeli, na baiskeli haijali mfupa umeunga vipi. Basi tukaisimamisha baiskeli yake barazani, gurudumu la nyuma likiwa hewani, na tandiko tukalipandisha mpaka mwisho ili goti lisidaiwe kukunja sana. Kila lilipolegea kidogo tulishusha tandiko. Manesi walilalamikia kelele za mnyororo. Mzee naye akalalamika kwamba anaendesha tangu asubuhi na bado yuko hospitalini. Alipona, akarudi Mishamo kwa baiskeli hiyohiyo, nami nikadhani nimeshajua magoti.

Aliyenionyesha kwamba sijui ni Dokta Mushi. Daktari bingwa wa mifupa hatukuwa naye pale. Huyu alikuwa anakuja kutoka Tabora kwa treni, mara chache kwa mwaka, na msumeno wake wa plasta kwenye begi la nguo. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye viganja vipana, hapendi chai ya maziwa na hapendi kuharakishwa. Kabla hajasoma faili alikuwa analishika goti la mgonjwa kwa mikono yote miwili na kufumba macho. Mara ya kwanza nilidhani anasali. Nikaanza kumweleza habari za mgonjwa, akasema bila kufumbua, "Subiri, goti linaongea."

Siku moja akaniuliza kama nimewahi kuwamba kitanda cha kamba. Nikamwambia nimezaliwa juu ya kitanda cha kamba.

"Ukivuta upande mmoja tu inakuwaje?"

"Fremu inakwenda pembe."

"Basi goti ndivyo lilivyo. Lina kamba za ndani na za nje, za mbele na za nyuma. Watu wanadhani kazi yetu ni kulegeza iliyokaza. Kazi yetu ni kuzipatanisha."

Nikamwuliza tutajuaje kwamba zimepatana. Akasema pima goti likiwa limenyooka, halafu pima tena likiwa limekunjwa. Katika mkao mmoja kamba zinaweza kukudanganya, katika miwili haziwezi. Leo nawaona mnaangalia namba kwenye kioo mnafanya jambo hilohilo, na sina ugomvi na namba. Ila mimi nilianza kwa vidole, na vidole vyangu Dokta Mushi alivishika mwenyewe akaviweka pale panapotakiwa, kimoja baada ya kingine, mpaka vikajua njia. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kwa uvumilivu namna ile, na mpaka leo nikishika goti la mtu nasikia mkono wake juu ya wangu.

Perpetua aliletwa kutoka kijiji cha Mamba kwa lori la mahindi, na bibi yake aliyemlea, Bibi Agripina. Alikuwa binti wa miaka ishirini hivi. Utotoni alipata jipu kubwa nyuma ya paja, na kwa kuwa maumivu yalitulia mguu ukikunjwa, akawekewa mto chini ya goti akalala hivyo muda mrefu. Jipu lilipona, mguu ukabaki palepale. Misuli ya nyuma ilifupika, kifuko cha goti kikasinyaa, lakini kwenye picha mifupa ilikuwa mizima kabisa. Alitembea mkono wa kulia umekandamiza goti, anajisukuma, mwili unazama na kuibuka, unazama na kuibuka. Bibi alisema kule Mamba watu walimtambua kutoka ng'ambo ya mashamba kabla hawajaona hata rangi ya nguo yake.

Nikamwuliza kama ninavyouliza wote, unataka tukusaidie nini.

"Mikono yangu," akasema.

Nikadhani hajanielewa. Nikamwambia hapa tunazungumzia mguu.

"Mkono huu ni wa goti," akanionyesha ule wa kulia. "Ninabaki na mmoja. Mpunga haupandikizwi kwa mkono mmoja, dada. Na bibi hasalimiwi kwa mkono mmoja."

Kama hamjawahi kupandikiza mpunga niwaeleze. Mkono mmoja unashika fungu la miche, mwingine unachomeka, na miguu inarudi nyuma taratibu kwenye tope. Ukiwa na mkono mmoja unachomeka kisha unatafuta pa kuweka fungu. Na salamu katika nyumba ile ilikuwa magoti yote mawili chini, viganja viwili vikigongana polepole, mpaka mkubwa aitike. Perpetua hakuwahi kuifanya. Alikuwa anainama upande, anapiga paja kwa kiganja kimoja, na Bibi Agripina anaitikia huku ameangalia pembeni. Niliona anavyofanya hivyo asubuhi ya kwanza wodini, na nikajua nitalipenda goti hili kuliko ilivyo salama kwa mtu wa kazi yangu.

Tulianza na plasta. Unafunga mguu mzima, plasta ikishakauka unaikata nyuma ya goti, unafungua ufa mdogo, unachomeka kipande cha mbao ili ufa usijifunge, kisha unafunika tena kwa bendeji. Baada ya siku chache unaongeza kipande kinene zaidi. Vipande vyangu vilikuwa vya mninga, mabaki ya fundi seremala wa sokoni, na sidhani kuna hospitali nyingine iliyowahi kunyoosha magoti kwa mbao nzuri kiasi kile. Haraka ndiyo hatari yake. Ukiharakisha, mfupa wa chini unarudi nyuma badala ya goti kunyooka, au mshipa wa fahamu unavutika na mguu unakufa ganzi. Kwa hiyo kila mara unamwambia mgonjwa ainue kidole gumba cha mguu. Kikigoma, unatoa mbao upesi.

Bibi Agripina aliisikia amri hiyo na kuichukua ikawa yake. Alikuwa mfupi, mkali, mtu wa kauli moja. Anatoka jikoni kwa wagonjwa na sufuria ya ugali mkononi, anasimama mlangoni: "Inua kidole." Perpetua anainua. Baadaye wodi nzima ya wanawake ikawa inainua vidole, hata walioletwa kwa malaria.

Plasta ilitufikisha mbali lakini haikumaliza. Treni ilipomleta tena Dokta Mushi, alilishika goti, akafumba macho, akasema tuingie thieta. Kazi yangu ilikuwa kushika kisigino. Nilitegemea atakata zile kano mbili tatu za nyuma tumalize. Hakufanya hivyo. Alirefusha ya ndani kidogo, akasubiri. "Nyoosha." Nikanyoosha, akapapasa ndani na nje. "Kunja." Nikakunja, akapapasa tena. Akachanja ya nje kidogo sana, akasubiri, tukarudia. Nesi aliyekuwa anapanga vyombo alipiga miayo, Dokta hakumwangalia hata. Mwishoni goti lilikuwa limebakiza kidogo tu kunyooka kabisa, na mimi niliona wazi kano ya nje inavyotokeza ikiwa imekaza. Nikamwambia imebaki hii, Dokta.

"Iliyobaki ni yako," akasema. "Nikiikata hii, goti litanyooka leo na kuyumba maisha yake yote. Wewe ivute taratibu."

Nikaivuta taratibu. Kwa gamba la plasta nyuma ya mguu, kwa vifuko vya mchanga juu ya goti, kwa maneno mengi na karanga za kukaanga. Asubuhi ile Perpetua aliposimama kwa mara ya kwanza na visigino vyote chini na mikono yote ikining'inia, hakujua aiweke wapi. Alishika kiuno, akaachia. Akaishika kichwani. Bibi Agripina akatoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema moshi wa jikoni umezidi.

Tuliwaruhusu kwenda nyumbani kwa sababu kitalu cha mpunga cha Bibi hakingemsubiri mtu. Maelezo yalikuwa hivi: gamba la plasta usiku na mchana, asikunje goti mpaka arudi kwangu baada ya wiki chache, hapo tutaanza kumkunjisha. Bibi alirudia maneno yangu yote bila kukosea. Nikawapandisha kwenye lori.

Mvua ikawahi. Mito ikamwaga barabarani, malori yakalala njiani, na kila niliyemtuma na salamu za kwenda Mamba alirudi nazo kutoka Sitalike, njiani tu, amelowa na amekasirika. Wiki chache zikapita, zikapita nyingine, ukaja mwezi mwingine. Nilikuwa naliota lile goti. Kovu jipya ni kitu laini, unaweza kulifundisha; likikomaa halisikii mtu. Mvua ilipopumzika kidogo nikapata nafasi kwenye gari la misheni, nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta Perpetua amekaa barazani kwenye kiti cha mikono, mguu umenyooshwa mbele juu ya kigoda, umefunikwa kwa khanga safi. Mashambani wenzake walikuwa kwenye mpunga, unasikia wanavyoitana. Bibi Agripina akaja ananifuta maji ya mvua begani, uso unang'aa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ulisema asikunje mpaka arudi kwako. Hajarudi kwako, hajakunja."

Hakuwa peke yake. Majirani walichota maji yake zamu kwa zamu. Kaka wa jirani alitoboa kiti kimoja katikati, wakakiweka chooni asichuchumae. Kanisani alikuwa na ruhusa ya padri ya kusimama wakati wote wanapiga magoti, na wazee walimkataza kuwasalimia kwa namna yoyote itakayousumbua mguu. Nimefanya kazi hospitali kubwa na ndogo, na sijawahi kuona agizo la hospitali likitiiwa kwa mapenzi kama yale. Kijiji kizima kilikuwa kimelishika lile goti lisikunje.

Nikalishika. Lilinyooka kwa kupendeza. Nikajaribu kulikunja, likasogea kidogo na kugoma, kavu, bila hata kunipa matumaini. Perpetua hakulia. Aliniangalia usoni kuona uso wangu utasema nini, na mimi nikainama kujifanya natazama kovu.

Nilieleza ukweli. Likiachwa hivi litakuwa mchi. Itabidi Dokta Mushi amlaze na kulikunja kwa nguvu, na mfupa uliokaa bila kazi unaweza kuvunjika kabla goti halijakunja. Kama tunataka liponee hapa, kuanzia leo likunjwe, kidogo kidogo, kila siku.

"Hapana," Bibi akasema.

"Bibi, nisikilize."

"Nimekusikiliza tangu Mpanda. Unajua nani aliuweka ule mto?" Alikuwa ameketi chini, anashika pindo la khanga ya mjukuu wake. "Mimi. Mtoto alilia, nikamwekea mto, akatulia, nikafurahi. Kila akiutoa nilimrudishia. Goti hili nililikunja mimi mwenyewe. Leo Mungu kalinyoosha, unaniambia nilikunje tena?"

Mimi nilikuwa na maneno ya kovu na misuli, na yale hayakuwa maneno ya kumpa mtu kama yule. Aliyejibu ni Perpetua. Alijisukuma kutoka kwenye kiti, akasimama wima kabisa, akaitanua mikono yote miwili mbele ya bibi yake.

"Mikono nimepata, Bibi. Lakini chini sifiki." Akajaribu kuinama, mguu ukamtangulia mbele, akayumba, nikamdaka. "Nakaa hapa wenzangu wanapanda. Wanapita wananipungia kama nimeolewa na mkuu wa wilaya. Tangu nitoke hospitali sijakusalimu hata siku moja."

"Salamu nimekusamehe."

"Mimi sijaomba kusamehewa."

Bibi akalikunja pindo la ile khanga, akalikunjua. Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, kuna njia ya kulikunja lisisahau kunyooka?

Hapo ndipo kamba za Dokta Mushi ziliponijia. Mikao miwili. Tulikuwa tumelinda mmoja na kuupoteza wa pili, na sasa lazima tuirudishe yote pamoja, la sivyo Bibi hatakubali, na alikuwa na haki ya kukataa. Nikaomba gunia na majani makavu ya mpunga wa mwaka uliopita.

Tulipanga hivi. Salamu ndiyo iwe zoezi. Mwanzo Perpetua akae kwenye kigoda kirefu, arudishe unyayo nyuma mpaka goti liseme basi, apige viganja, na asiurudishe mguu mbele mpaka Bibi aitike. Kigoda kikizoeleka, ashuke chini apige magoti huku amekalia gunia lililoshindiliwa majani mpaka limekuwa refu. Goti likilegea, majani yanatolewa konzi moja, gunia linashuka, naye anashuka nalo. Na kila salamu ikiisha, asimame mgongo kwenye mwimo wa mlango, kisigino na paja vikigusa ubao, Bibi apitishe kidole nyuma ya goti aone hakuna nafasi mpya. Usiku gamba la plasta linarudi. Kukunja na kunyooka, kimoja kisimwibie mwenzake.

Wa kutoa majani, nikasema, ni Bibi peke yake. Si mimi, si Perpetua.

Hilo ndilo lililomgeuza. Mzee wa watu alilishika lile gunia, akaliminya, akalipima. Nililala pale siku kadhaa kumwonyesha. Asubuhi ya kwanza Perpetua alikaa kigodani, akaurudisha unyayo, akafumba mdomo, viganja vikagongana, jasho linamtiririka. Bibi Agripina akachelewa kuitika, sijui kwa kuhesabia goti muda au kwa kutotaka salamu ile iishe. Alipoitika aliitika mpaka majirani wakasikia.

Nilirudi Mpanda na wasiwasi wangu. Habari zilianza kunifikia na malori. Majirani wamekasirika kwamba Bibi anasalimiwa yeye tu, na wao ndio waliochota maji. Sasa wanapita asubuhi na jioni wasalimiwe na wao. Katekista amepita mara mbili kwa siku moja na kusingizia amesahau mwavuli. Gunia limeshuka. Bibi amerudisha konzi moja ya majani kwa sababu Perpetua alilalamika usiku. Limeshuka tena.

Kiangazi walikuja wenyewe Mpanda, na treni ilikuwa imemleta Dokta Mushi. Akalishika goti, akafumba macho. Akalinyoosha, akapapasa. Akalikunja, likaenda, likaenda mpaka kisigino kikakaribia kukutana na paja, akapapasa tena.

"Nani amefanya hii kazi?" akauliza.

"Bibi yake," nikasema. "Kwa gunia la majani."

"Amesomea wapi?"

"Anasalimiwa tu, Dokta."

Hakucheka. Alinyanyuka, akampa Bibi Agripina mkono wake mpana, akamwamkia. Kuanzia siku hiyo mambo mawili yalibadilika kazini kwetu. Hatukumruhusu tena mtu kwenda nyumbani na mkao mmoja. Nusu ya maelezo ilikuwa ya kunyoosha na nusu ya kukunja, na mwanafamilia alizijaribu zote mbele yetu. Na Dokta Mushi, kabla hajagusa kisu, alikuwa ananigeukia: huyu analitaka goti kwa kazi gani? Wa kuendesha baiskeli alimlegeza kwa namna yake, wa kusimama dukani kwa namna nyingine. Hilo ndilo swali mlilolicheka nikiwa na keki mdomoni. Goti la chuma au la nyama, mtu analirudisha kwenye maisha yake, si kwenye picha zenu.

Masika yaliyofuata tulikwenda Mamba pamoja kuona wagonjwa, mimi na yeye. Bibi Agripina alikuja kutupokea barabarani, akatupeleka moja kwa moja kwenye tuta la shamba la mpunga. Wanawake walikuwa kwenye maji, mstari mmoja mrefu, migongo imeinama, wanachomeka miche na kurudi nyuma kwa pamoja.

"Yupi?" Dokta akauliza.

"Si ndio nyie mliolitengeneza goti?" Bibi akasema. "Mtafuteni."

Nikatafuta kile nilichokijua, mwili unaozama na kuibuka. Hakikuwepo. Nikatafuta mguu unaotangulia mbele. Haukuwepo. Nikapitisha macho mstari mzima, nikarudi mwanzo, machozi yakaanza kunivurugia kazi. Lile goti nililijua kwa vidole vyangu vyote, ningelitambua gizani, na mwenye goti yuko mbele yangu nisimwone. Dokta Mushi naye alikuwa amekunja uso, anatazama, anatazama.

Bibi Agripina akanishika mkono.

"Hata mimi, mwanangu," akasema. "Simjui mpaka nimwite."